Kipimo cha Mazoea

Nianze na kosa langu, maana nikianza na mengine nitajisafisha, na mimi najijua.

Kosa langu lilikuwa tarakimu moja. Tisa. Niliiweka mwenyewe kwenye koa la Mzee Singano, ile pete ya chuma inayofungwa mkononi kuuandikisha mkono uliopooza, Jumanne, saa nne kasoro asubuhi, huku nikinywa chai. Kipimo cha mazoea kinaanzia sifuri kinaishia kumi, na mwongozo unasema mgonjwa mpya aanzie tatu. Lakini wazee huchoka haraka, na ndugu zao hukasirika haraka zaidi. Wametoka Handeni, wametoka Lushoto, wanataka kuona baba anaandika. Ukiweka tatu, baba anachora herufi moja iliyopinda kwa dakika tano, jasho linamtoka, na binti anaanza kukuangalia kwa jicho la pembeni. Ukiweka tisa, baba anaandika barua. Kwa hiyo mimi, Tatu Semkiwa, fundi wa mikono kwa miaka kumi na saba hapa Korogwe, niliweka tisa, na hakuna aliyenilazimisha.

Mzee Singano aliletwa na binti yake, Mwantumu, kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa karani wa shamba la mkonge maisha yake yote. Mkono wa kushoto aliupoteza ujanani. Mashine ya kukamulia mkonge, ile waliyoiita korona, iliumeza mpaka kwenye kiwiko, ndipo wakampa ukarani. Sasa kiharusi kilikuwa kimeuchukua na wa kulia, na mguu wa kulia, na ulimi. Akili kilimwachia. Ukimpa shikamoo, macho yake yanakuitikia marahaba yote, mdomo unatoa mate. Alichobaki nacho ni kichwa cha kukubali au kukataa na mguu mmoja wa kushoto.

"Ana jambo, dada Tatu," Mwantumu aliniambia. "Tangu asikie Hoza amerudi, halali. Ukimtajia koa, anaitikia kwa kichwa mpaka namwonea huruma."

Hoza mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, hakuingia mpaka alipoitwa. Walikuwa hawajaonana miaka ishirini na miwili. Habari zao nilizijua, kila mtu wa upande huu anazijua. Ghala la singa za mkonge liliungua, mlinzi akaungua mgongo, na karani Singano akaandika kwa mkono wake maelezo kwamba alimwona mwanawe mwenyewe akitoka ghalani na kibiriti. Watu walimsifu. Walisema yule mzee amenyooka, hata damu yake hakuificha. Hoza akafungwa miaka minne, akatoka, akaenda zake Mpanda, na hakuleta hata salamu.

Sasa amerudi kwa jambo moja: radhi. Alikuwa amezika watoto wawili huko, mkewe ana mimba ya tatu, na wakwe walikuwa wameshaanza kusema waziwazi kwamba mtu asiye na radhi ya baba yake, hata apate nini, hakimkai.

"Atawezaje kuandika na mkono umekufa?" Hoza aliniuliza nilipokuwa namvalisha mzee kofia ya nyuzi.

"Mkono haujafa," nikamwambia. "Na kuandika mkono haukujua tangu zamani. Chukua chaki uandike jina lako ubaoni kwa bega zima, kisha liandike kwa kidole cha mguu kwenye mchanga. Utaona mwandiko ni wako uleule. Vidole havijawahi kuandika kwa mguu, sasa mwandiko umetoka wapi?"

Akatazama vidole vyake.

"Kichwani," nikasema. "Mchoro wa herufi uko kamili kichwani kabla kalamu haijagusa karatasi. Hata jicho huwa linafuata nyuma tu. Kiharusi kimekata njia ya kushuka. Kofia inausoma mchoro huku juu, koa linaupeleka kwenye misuli huku chini. Huo mkono utakaouona ukienda ni wa baba yako."

Hayo ni kweli, ila sikumwambia yote. Sikumwambia kwamba mchoro wa mgonjwa unafika dhaifu, una matobo, na koa ndilo linaloyaziba. Linayaziba kwa nini? Kwa mazoea. Unalilisha maandishi ya zamani ya mtu, linajifunza akishaandika hili huandika lipi. Na Mzee Singano alikuwa chakula kizuri, maana ukarani ulimwingia mpaka kwenye mifupa: kila barua aliyowahi kumwandikia mtoto, mjukuu au mpwa, aliweka nakala ya kaboni kwenye faili. Mwantumu aliniletea barua mia tatu na kumi na mbili. Zote zinaanza kwa jina na salamu. Zote zinaishia kwa radhi.

Nikalifunga koa chini ya kiwiko, sindano zake laini zikashika misuli, nikamwekea kalamu. Mzee akafumba macho. Kalamu ikatua.

*Hoza mwanangu,* iliandika, kwa mwandiko wa karani uliolala kidogo upande wa kulia, kila herufi na mkia wake.

Hapo ikasita. Mguu wa kushoto wa mzee ukaanza kupiga kibao cha kiti, taratibu. Kisha kalamu ikaondoka tena, laini, bila kigugumizi:

*salamu nyingi. Nimefurahi sana kusikia umefika salama. Uwe na subira na uwapende wenzio. Radhi zangu ziko nawe daima. Mimi baba yako, S. Singano.*

Hoza alipiga magoti palepale kwenye sakafu yangu ya vigae. Mwantumu alijifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yanamtikisika. Nami, nisiseme uongo, nilifuta machozi.

"Baba," Hoza akasema, "ni kweli? Radhi umenipa?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Machozi yakamtoka. Kisha ule mguu ukapiga kibao kwa nguvu, ukapiga tena, ukapiga mpaka stuli yangu ya vifaa ikaanguka. Nikasema ni furaha na uchovu. Nikamvua koa. Nikachukua muhuri wetu, ule wenye maneno MKONO WA MWENYEWE, nikaugonga chini ya barua.

Kwa mtakaosoma haya baadaye, pengine muhuri hamtaujua. Siku zetu hizi sauti inaghushiwa, picha inaghushiwa, mtu aliyekufa anaweza kukupigia simu akakudai shamba. Kilichobaki kuaminika ni wino uliotoka mkononi mbele ya fundi. Baraza linaupokea, msikiti unaupokea, wakwe wanaupokea. Niliugonga bila kuifungua kumbukumbu ya koa, na kuifungua ni kazi ya dakika mbili.

*

Mwantumu alirudi siku ya tisa, peke yake.

"Baba ameharibika," akasema, hata kabla ya kuketi. "Hali chakula. Hoza akiingia, anapiga teke. Juzi walikuja wageni kutoka kwa wakwe, Hoza akawasomea barua, baba akanguruma, dada Tatu, akanguruma mpaka wageni wakaondoka bila kunywa chai. Daktari amempa dawa ya kumtuliza. Analala mchana kutwa, akiamka anaanza upya."

"Na watu wanasemaje?"

"Watu wanasema ameijutia radhi." Akanitazama. "Mimi sijui kusema nini. Nikimwuliza kama umemsamehe Hoza, anaitikia kwa kichwa. Halafu analia kwa hasira. Tunamwuliza, anaitikia, analia. Hilo tu tangu Jumanne ile."

Nilijitia hamnazo, nikamwambia nitaangalia, awe na amani. Alipotoka nikafunga mlango na kufungua kumbukumbu.

Kumbukumbu ya koa ina mistari miwili. Wa juu ni nia, iliyosomwa na kofia. Wa chini ni mwendo, uliopelekwa kwenye misuli. Mtu anapoandika mwenyewe, mistari hiyo huenda pamoja, wa juu umetangulia kitambo kidogo tu. Kwenye *Hoza mwanangu* ilikwenda pamoja vizuri. Baada ya hapo ikaachana. Wa chini uliendelea na salamu zake, laini. Wa juu ukafanya mambo mengine kabisa, na koa lilikuwa limeuandikia pembeni neno moja: mtetemo.

Mtetemo ni takataka. Misuli ya mgonjwa hutetema, kofia husoma, koa huchuja. Nimechuja mitetemo maelfu, na mtetemo wa kweli naujua: unakwenda na kurudi kwa mpigo mmoja, kama cherehani. Huu haukuwa hivyo. Kila mpigo uliondoka taratibu, ukakimbia katikati, ukatulia mwisho, kisha ukafuata mwingine wa urefu tofauti. Hivyo ndivyo mkono unavyochora herufi. Hakuna kitu kingine mwilini kinachokwenda hivyo, wala kutembea, wala kutafuna. Nilihesabu mipigo zaidi ya tisini. Mzee alikuwa akiandika muda wote ule. Alikuwa akiandika kitu kisichokuwamo katika barua mia tatu na kumi na mbili, na kwa kuwa hakijawahi kuwamo, koa halikukitambua. Likakiita ugonjwa, likaweka juu yake yale aliyozoea.

Waliotutangulia walisema mazoea yana taabu. Mimi niliyatia kwenye chuma nikayafunga kwenye mkono wa mtu asiyeweza kusema hapana.

Tena upo uovu mwingine nilioukaribia siku ile, nao niuseme. Nia iliyochujwa haifutwi. Inaweza kupelekwa kwenye koa lolote, hata kwenye mkono wa mtu mwingine, maana mchoro haujali umepewa mkono wa nani. Sheria yetu inakataza: nia isiyoandikwa ni siri ya mwenyewe. Nilijua sheria, na bado nilijifunga koa mkononi mwangu mwenyewe, nikashika kalamu, nikabonyeza.

Mkono wangu uliondoka peke yake. Ulichora mkunjo mmoja, mkubwa, wa mtu anayeandika kwa nguvu, na nilihisi kwenye bega langu ugumu wa yule mzee. Nikabonyeza kuzima. Niliona nimeingia chumbani kwa mtu bila kupiga hodi. Kama alikuwa na neno, mdomo wake ulikuwa umefungwa, lakini neno lilikuwa lake kulitoa au kulimeza, na mimi nilishamwandikia mara moja bila kumwuliza. Nikaichana ile karatasi.

Kulikuwa na njia nyingine, ya kunyamaza kabisa. Niliifikiria mpaka saa kumi. Hoza ana radhi yake. Mzee akiulizwa anakubali. Wakwe wameridhika, muhuri umegongwa, na mtoto anakuja. Ningefungua mdomo, ningevunja nini? Na mzee akipewa sifuri aandike bila msaada, daktari alishatuonya kwamba shinikizo la damu linaweza kupanda. Ningemwua kwa ajili ya kuisafisha roho yangu.

Lakini sikuweza kuuondoa ule mguu kichwani. Mtu amebakiwa na mguu mmoja, na siku tisa anautumia kusema hapana, na sisi tunampa dawa ya usingizi.

*

Hoza alikuwa barazani kwa dada yake, anapaka rangi kitanda cha mtoto. Sikuzunguka.

"Ile barua hakuiandika baba yako," nikamwambia. "Aliandika jina lako. Yaliyobaki liliandika koa, kwa mazoea ya barua zake za zamani. Niliweka kipimo juu mno, nikagonga muhuri bila kuangalia. Nimekuja kukuomba msamaha, na kukwambia kwamba alikuwa anaandika kitu kingine."

Aliiweka brashi chini polepole. "Kitu gani?"

"Sijui. Sikukisoma."

"Kwa hiyo sina radhi."

"Sijui ulicho nacho, kaka. Ninajua tu usichokuwa nacho. Huna barua ya baba yako."

"Aliitikia kwa kichwa!" Ndiyo mara pekee nilimsikia akipaza sauti. "Nilimwuliza mbele yako, akaitikia."

"Aliitikia swali ulilomwuliza. Halafu akaangusha stuli."

Akakaa kwenye ngazi za baraza. Alitazama mikono yake iliyojaa rangi ya kijani, akaanza kuisugua na kitambaa, hakuacha hata ilipokuwa safi. "Fundi, mke wangu yuko mwezi wa saba. Kama anachotaka kuandika ni laana, unajua unaniletea nini? Kisichoandikwa si laana. Mwache nacho. Karatasi hii inatosha."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mwantumu ndiye aliyejibu, kutoka ndani, maana kumbe alikuwa akisikia yote.

"Umekaa mbele yake siku tisa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Unamwona anavyopiga teke, na unalinda karatasi. Ni baba yako au ni karatasi?"

"Dada, wewe una barua zake mia moja kwenye faili. Mimi nina moja."

Mwantumu akashika fremu ya mlango. Alikwenda ndani akamsukuma mzee mpaka barazani, amezinduka kidogo kutoka kwenye dawa, shingo imelala upande. Nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyekukosea. Siku ile ulikuwa na neno ulilotaka kuandika, halikuandikwa?"

Sijui kama nimewahi kuona kichwa kikiitikia vile. Shingo yote ilikaza.

"Unataka kulijaribu bila koa kukujazia maneno? Utaandika vibaya. Utachoka sana, na daktari anasema ni hatari kwa moyo wako. Ukikataa, hakuna atakayekulaumu..."

Aliitikia kabla sijamaliza. Kisha akageuza macho, si kwangu, kwa Hoza, akamngoja.

Hoza aliweka kitambaa chini. "Basi," akasema. "Aandike. Na liwalo na liwe."

*

Tulifanya Alhamisi, saa tatu asubuhi, na daktari amekaa kando na kipimo chake cha shinikizo. Nilipanga karatasi kubwa za kaki kwenye ubao, nikamfunga mzee kalamu ya wino mnene, nikaweka sifuri. Nikamwonyesha ile sifuri kwenye kioo cha koa, aione mwenyewe. Nilitaka na Hoza aione, lakini Hoza alikuwa amekaa nyuma, uso umeelekea dirishani.

Ni vigumu kumweleza mtu anayeandika kila siku kuandika ni kazi gani. Misuli zaidi ya thelathini lazima ivutane na kuachiana kwa zamu, na kichwa kinaipanga zamu hiyo bila wewe kujua, kama mama anavyosuka nywele huku anaongea. Mzee Singano alipewa zamu zote azipange kwa kujua. Herufi ya kwanza ilimchukua dakika nne. Ilikuwa kubwa kama ngumi, imevunjika katikati. Mwandiko wa karani haukuwepo, mikia haikuwepo. Lakini mistari yangu miwili kwenye kioo ilikwenda pamoja toka mwanzo mpaka mwisho, na mguu wa kushoto ulikuwa umetulia sakafuni.

Kalamu ilianguka mara tatu. Mara ya tatu daktari alisema, "Mia na themanini. Tupumzike." Mzee akakataa kwa kichwa. Mwantumu alimfuta jasho shingoni na kumnywesha maji kwa kijiko.

Saa nne u nusu neno la kwanza lilikuwa limekamilika. Mwantumu alilisoma kwa sauti, kwa kuwa Hoza hakugeuka.

"*Sikukuona*." Akakunja uso. "Hakukuona? Baba, Hoza si huyu hapa?"

Mzee aliendelea. Hakumtazama. Nilibadilisha karatasi. Neno la pili lilikuwa *ghalani*.

Nilimsikia Hoza akisimama. Kiti kilikwaruza sakafu, kisha hakukuwa na sauti nyingine ila ya kalamu. Mwantumu alikuwa ameshika kinywa kwa kiganja. Neno la tatu na la nne yalichukua nusu saa, na hakuna aliyeyasoma kwa sauti, tuliyasoma kila mtu kimoyomoyo jinsi yalivyokuwa yakizaliwa, herufi baada ya herufi iliyopinda. *Niliandika uongo.*

Hapo nilielewa kwa nini koa liliyaita maneno yake ugonjwa. Nimezipekua zile barua zote tangu siku ile. Kuna mawaidha, kuna maombi, kuna hasira, kuna mapenzi mengi. Neno lile aliloliandika mwisho, saa sita kasoro dakika kumi, kwenye karatasi ya nne, halimo hata mara moja. Baba wa kwetu haliandiki kwa mwanawe. Mtoto ndiye huliomba. Mimi mwenyewe, ningeulizwa nilishe koa, nisingefikiria kwamba mkono wa mzee kama yule unaweza kulihitaji.

*Nisamehe.*

Kalamu ikadondoka, na safari hii hakuna aliyeiokota. Daktari alipima, akasema inashuka, akatoka nje taratibu.

Hoza alisimama mbele ya ubao. Aliisoma karatasi ya kwanza mpaka ya nne, akarudia. Aliponena, hakumtazama baba yake, alinena na zile karatasi.

"Nilijua sikuchoma," akasema. "Hilo nilijua. Lakini nilidhani ulimwona mtu. Kulikuwa na giza, kuna moshi, nikasema mzee aliona vibaya, si makosa yake. Miaka ishirini na miwili nimekutetea hivyo. Gerezani nilikutetea. Kwa mke wangu nilikutetea. Watoto wangu wawili nimewazika nikijilaumu mimi, nikisema labda nilikukosea kitu nisichokijua."

Mzee hakufumba macho. Machozi yalimshuka na hakuwa na mkono wa kuyafuta, na sisi hakuna aliyethubutu kumfuta.

"Kaka," Mwantumu alisema. "Ni mzazi. Mwambie umesamehe. Kesho keshokutwa..."

"Usinisemee." Hakukaripia. "Nimesemewa vya kutosha kwenye karatasi."

Akavuta kiti chake, akakiweka mbele ya kiti cha magurudumu, wakakaa goti kwa goti. Nilifikiri atalia, nilifikiri atainuka aende zake Mpanda, na kwa vyote viwili nisingemlaumu.

"Baba," akasema, "leo siwezi. Nakwambia ukweli kama ulivyoniambia. Leo siwezi."

Na mzee akaitikia kwa kichwa. Aliitikia polepole, mara moja, kama mtu anayepokea kitu kizito kwa adabu. Ule mguu haukupiga.

Mchana ule niliichukua barua ya kwanza, nikaubatilisha muhuri wangu kwa mkono wangu, nikaandika taarifa kwa bodi inayotupa leseni na nisijipunguzie neno. Nilitaja na mengine: kuna nyaraka sitini na moja nilizozigonga mwaka huu kwa kipimo cha saba na kuendelea. Wasia, talaka, salamu za mwisho. Zimo kwenye makabati na kwenye fremu za watu kutoka Muheza mpaka Mombo, na sijui ngapi ziliandikwa na wenyewe. Nitazipitia moja moja, nyumba kwa nyumba, kama wataniachia leseni, na wasiponiachia nitazipitia hivyohivyo. Wengine watanifukuza. Wengine waliokwishakufa hakuna wa kuwauliza, na hilo nitaishi nalo.

Kesho yake, Ijumaa, nilifika kazini saa mbili kasorobo, nikamkuta Hoza amekaa kwenye kizingiti na mzee yupo kando yake kwenye kiti, amenyolewa ndevu. Mwantumu hakuwepo. Niliwafungulia mlango, sikuuliza kitu.

Hoza aliniomba nimwonyeshe koa linavyofungwa. Nikamwonyesha. Alilifunga mwenyewe kwenye mkono wa baba yake, akakaza mkanda, akaulegeza kidogo, akamtazama kama unambana. Kisha akaweka karatasi mpya ubaoni na kukaa karibu.

"Ilianzaje?" akamwuliza. "Nani alikwambia uandike vile? Anza mwanzo, baba. Siendi popote leo."

Mzee alifumba macho akaanza herufi ya kwanza.